Mtoni Ilikuwa Nyumba ya Watoto

Kuna hadithi inayosimuliwa siku hizi penye magofu ya Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Zanzibar, nami nimeisikia mara nyingi hadi imenichosha. Mgeni husimamishwa mbele ya ukuta uliotobolewa na mizizi, akaonyeshwa dirisha lisilo na ubao, akaambiwa kwamba hapo ndipo binti wa Sultani Seyyid Said alipokuwa akimchungulia kijana wa Kijerumani. Mgeni hupiga picha, hutoa bakhshishi, huondoka ameridhika.

Hadithi tamu, lakini si ya hapa. Binti huyo, Bibi Salme, alihama Mtoni akiwa na umri wa miaka saba hivi. Kijana mwenyewe, Rudolph Heinrich Ruete, alikuwa mfanyabiashara wa Hamburg aliyekaa mjini, na ujirani wao, dari kwa dari, ulikuwa wa mjini vilevile, katika miaka ya 1860. Wakati huo Bibi Salme alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye mashamba yake. Yaliyomkuta Mtoni yalikuwa mambo ya kitoto, na kwangu mimi hayo ndiyo yenye thamani. Majumba ya wafalme tunayo mengi katika pwani hii. Jumba ambalo mtoto aliyelelewa ndani yake aliketi akaandika nani alikuwa akilala chumba gani, nani akimwogopa nani, na watoto walifanya ukorofi gani baba akiwa hayupo, sijui kama tunalo jingine.

Asili ya mahali penyewe haihitaji maneno mengi. Mwaka upi hasa Seyyid Said bin Sultan alihamisha makao yake kutoka Maskati, 1832 au 1840, wanahistoria wameshabishana vya kutosha. Jumba lilijengwa kati ya miaka ya 1828 na 1834 kando ya kijito kinachomwaga maji baharini, ndiyo maana likaitwa Beit el Mtoni. Ila jambo moja hurukwa na wengi: shamba hilo halikuwa la Seyyid Said tangu mwanzo. Lilikuwa la Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu wa Oman ambaye hutajwa kuwa ndiye aliyeleta mikarafuu Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 19, akaipanda hapo Mtoni na Kizimbani. Mikarafuu ilipoanza kuzaa na faida yake kuonekana, Saleh alijikuta ana makosa. Akatuhumiwa kuvunja mkataba wa mwaka 1822 uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa, na mashamba yake yakaishia mikononi mwa Seyyid. Tuhuma huenda ilikuwa ya kweli. Lakini katika Unguja ya wakati ule wangapi wangesalimika kama kila aliyefanya biashara hiyo angenyang'anywa shamba? Saleh alikuwa na nguvu, tena alikuwa na karafuu. Basi nyumba ambayo watoto wa Seyyid walikuja kuikumbuka kwa machozi ilisimama juu ya mali ya mtu mwingine.

Turudi kwa watoto. Kitabu cha Bibi Salme kilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na kurasa zake za mwanzo ndizo ninazozirudia zaidi. Anaeleza ua mpana uliozungukwa na majengo yaliyoongezwa moja baada ya jingine bila mpango, kila palipohitajika chumba pakasukumwa ukuta, hadi mgeni akawa hajui aingilie wapi na atokee wapi. Anasema waliokuwa wakiishi humo walifika kama watu elfu moja. Wapo wanaoicheka hesabu hiyo. Mimi sioni cha kucheka. Wahesabu masuria na watoto wao, matowashi, yaya, wapishi, wachota maji, wapanda farasi, walinzi, kisha ongeza wale waliokuja kusalimia wakalala siku tatu, kama tunavyojuana. Hata kama hawakutimia elfu, kwa mtoto wa miaka sita walikuwa ndio watu wote wa dunia.

Uani walizurura swala, bata, mabata bukini, heroe, tausi na mbuni. Watoto walikuwa wakipanda farasi na punda mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, wakisimamiwa na matowashi. Kulikuwa na tausi mmoja mkorofi aliyekuwa akiwashambulia. Siku alipomvamia kaka yao Jamshid, watoto walimkamata wakamnyonyoa manyoya ya mkia, na bahati yao baba alikuwa mjini siku hiyo. Hapo ndipo ninapomwamini Bibi Salme. Mtu anayetunga kisa cha kujipamba hamnyonyoi tausi wa babake.

Seyyid Said mwenyewe alikuwa akikaa Mtoni siku nne za wiki, na tatu zilizobaki mjini Beit el Sahel. Upande wa bahari alikuwa na jukwaa la mbao la mviringo waliloliita benjile, lenye viti na darubini ya kutazamia majahazi. Huko alikunywa kahawa na wakubwa wa nyumba, au akatembea huku na huko ameinamisha kichwa, akichechemea kidogo kwa jeraha la risasi la vitani. Mkewe wa ndoa, Bibi Azze bint Sef, hakuwa na mtoto wala hakuwa na kimo, lakini nyumba nzima ilimwogopa, na kila asubuhi ilibidi kwenda kumpa mkono. Mbele ya Seyyid kilikuwa kikitumika Kiarabu peke yake. Akishageuka tu, zinarudi lugha zote: Kichirkasi alichozungumza Jilfidan, mamake Salme, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, na bila shaka Kiswahili, ambacho ndicho kilichowaunganisha.

Sisi tuliokulia mjini tulikuwa tukipelekwa Bububu kila likizo ya kaskazi, joto linapopanda na maembe yanapoanguka yenyewe. Tulirundikwa kwenye gari la chai maharage pamoja na mikungu ya ndizi, tukateremshwa kwa bibi, na kuanzia hapo hakuna aliyetuuliza tuko wapi mpaka magharibi. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu na wajukuu wasiohesabika, tukilala mkekani kwa zamu ya nani awe karibu na mlango. Njia ya ufukweni ilitufikisha kwenye magofu ya Mtoni. Hatukujua Salme ni nani. Tulijua tu kwamba hamamu lina mwangwi mzuri wa kuimbia, na kwamba mjomba akikukuta juu ya ukuta utakula bakora. Nilipokisoma kitabu ukubwani, kilichonishika ni jinsi ua ule ulivyokuwa ukitumika vilevile, miaka zaidi ya mia baadaye: watoto, kelele, na mtu mzima mmoja anayeogopwa.

Hata hivyo, nina ugomvi na Bibi Salme. Kumbukumbu zake ni tamu kwa sababu alikuwa akitazama kutoka ghorofani. Mtumwa humo ndani yupo kila ukurasa, anabeba, anapepea, anasubiri mlangoni, lakini hapewi utoto. Na mwandishi alipofika kwenye suala lenyewe la utumwa, aliutetea, akisema Wazungu hawaelewi. Aliandika hayo akiwa mjane Ujerumani, ana watoto watatu wa kulea na fedha hazitoshi, na naelewa kwamba aliyafunga macho yake ili nyumba ya babake isichafuke. Kuelewa si kukubali. Mle Mtoni walikuwamo watoto wengine, walioletwa kwa majahazi kutoka Kilwa na kwingineko, wa umri uleule wa kunyonyoa tausi. Maji ya mabafu yale ya uani, ambayo yalipangana zaidi ya kumi, hayakujiteka yenyewe. Wale hawakuandika kitu, na wanaonukuu kitabu hiki leo hawawaulizii.

Pia ni kitabu hichohicho kinachoonyesha jinsi ugomvi wa nyumbani ulivyogeuka ugomvi wa dola, japo wengi hupenda kuanza na Waingereza na mikataba. Salme na mamake walihamia Beit el Watoro mjini, kwa kaka yake Majid, na mtoto akaugua hamu ya Mtoni. Huko mjini alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani wasichana walifundishwa kusoma tu. Seyyid Said akafariki baharini karibu na Shelisheli mwezi Oktoba 1856, akaacha watoto 36. Majid akashika Unguja, Thuwaini Oman, na Barghash akaona amedhulumiwa. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua Majid, dada yao Khole alikuwa upande wake, na Salme, mwenye miaka kama 15, akawa ndiye mwandishi wa barua zao. Nyumba ya Barghash ikazingirwa, akatoroka amejifunika kama mwanamke, akakimbilia shamba la Marseilles, na Waingereza wakamsaidia Majid kuuzima uasi. Barghash akapelekwa Bombay. Ndugu walioshiriki sinia moja wakawa hawasalimiani. Mfupa wa ngamia ulikuwa na kazi kubwa katika historia yetu kuliko baadhi ya mikataba, lakini pale Mtoni hakuna anayeutaja.

Salme akaondoka mwezi Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, akabatizwa, akaolewa, na mumewe akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870. Aliporudi Unguja mwaka 1885 pamoja na manowari za Wajerumani, waliomtumia kama kitisho katika mazungumzo yao na Sultani, mwenye enzi alikuwa Barghash, yuleyule ambaye Salme alimwandikia barua zake. Barghash alikataa kumpokea, na urithi hakumpa. Salme alikwenda Mtoni. Hakukuta nyumba, alikuta gofu: ngazi zimeporomoka na majani yameota ndani. Wanaosema Mtoni iliharibiwa na Wazungu au na Mapinduzi na waisome sehemu hiyo. Wenyewe ndio waliotangulia kuitupa, na Barghash akajijengea Marhubi, si mbali na hapo.

Yaliyofuata ni mafupi. Reli ya Bububu ilianza mwaka 1905 ikapita jirani, ikafa. Moto ukala kilichobaki cha mbao. Bibi Salme akafa Jena mwaka 1924. Matangi ya mafuta yakajengwa ubavuni mwa jumba, kana kwamba kisiwa kizima hakikuwa na kiwanja kingine. Miaka ya karibuni kuta zilifyekwa, ua ukawekwa viti, taarab ikapigiwa watalii, na vichaka vikarudi pale viti vilipoondolewa.

Kinachohitajika kwanza si kibao kipya wala hadithi nyingine ya kuwauzia wageni. Ni saruji ya chokaa, fundi anayeijua, na mtu wa kung'oa miti inayopasua kuta za hamamu kabla ya masika kuanza, kwa sababu ukuta wa upande wa bahari haujali nani anaushughulikia, wizara au hoteli, na mvua mbili tatu kubwa zitautosha.