Vihisi vya kufuatilia uvuvi wa baruti katika pwani ya Lindi

Vihisi vya kufuatilia uvuvi wa baruti ni vifaa vinavyotumika kugundua milipuko inayopigwa baharini na wavuvi haramu, kuihesabu na kukadiria mahali ilipotokea. Kifaa kikuu ni haidrofoni, yaani maikrofoni inayofanya kazi chini ya maji. Nchini Tanzania haidrofoni zilitumika kupima pwani nzima mwaka 2015. Makala hii inahusu hasa pwani ya Mkoa wa Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa hadi Mchinga na Lindi mjini, pamoja na suala la jinsi serikali inavyonunua vifaa vya ulinzi na ufuatiliaji.

Eneo

Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mkoa wa Mtwara mwaka 1971. Sehemu kubwa ya pwani yake imo katika Wilaya ya Kilwa, yenye miji ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, na visiwa vya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songosongo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Mbele ya visiwa hivyo kuna miamba ya matumbawe inayolisha wavuvi wa ngalawa, mashua na mitumbwi, pamoja na wanawake wanaotafuta pweza wakati wa maji ya bamvua.

Tanzania Bara ina hifadhi za bahari za Mafia (1995), Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma (2000) na Silikanti Tanga (2009). Pwani ya Lindi iko katikati ya Mafia na Ghuba ya Mnazi, na yenyewe haina hata moja. Hapa ulinzi wa miamba umeachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa maofisa uvuvi wa halmashauri na vikundi vya wananchi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa kifupi cha BMU. Katika Songosongo wanakijiji wamewahi kufunga miamba kwa muda ili pweza wakue, kisha kuifungua kwa pamoja. Mwamba uliofungwa kwa makubaliano ya kijiji unaweza kuharibiwa na mtu mmoja mwenye chupa ya baruti kwa dakika chache, na hapo ndipo uchungu wa jambo hili ulipo kwa wenyeji.

Songosongo pia ni kisiwa cha gesi asilia. Gesi iligunduliwa huko mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 husafirishwa hadi Dar es Salaam kwa bomba ambalo sehemu yake ya kwanza, takriban kilomita 25, imelazwa chini ya bahari hadi Somanga. Kwa hiyo habari za vilipuzi katika maji haya haziihusu wizara ya uvuvi peke yake.

Uvuvi wa baruti

Uvuvi wa baruti, ambao wengi huuita "kupiga bomu", umejulikana Tanzania tangu miaka ya 1960. Mvuvi hutupa kilipuzi penye kundi la samaki. Mshindo hupasua kibofu cha hewa ndani ya mwili wa samaki, nao hufa papo hapo. Baadhi huelea na kuokotwa, lakini wengi huzama na kuoza bila faida kwa mtu yeyote. Samaki wachanga na mayai huangamia pamoja na wakubwa. Matumbawe huvunjika na kuwa kokoto zinazoviringika na mawimbi, na juu ya kokoto hizo matumbawe mapya hushindwa kushika. Mwamba uliopigwa mara nyingi unaweza kubaki hivyo kwa miongo kadhaa.

Vilipuzi vyenyewe hutoka katika machimbo ya madini na mawe, au hutengenezwa kienyeji. Umiliki wa baruti unasimamiwa na Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na kuitumia kuvua kumekatazwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Kwa hiyo katazo lipo. Kilichokosekana mara nyingi ni ushahidi. Bomu hulipuka mara moja, na boti ya doria inapofika, samaki wameshapakiwa na aliyelipua anaonekana kama mvuvi mwingine yeyote mwenye changu na tasi ndani ya chombo chake. Wanakijiji wanaomfahamu huogopa kumtaja, kwa sababu mtu mwenye baruti si wa kuchezewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 doria zilizoshirikisha wanamaji wa jeshi zilipunguza milipuko kwa kiasi kikubwa. Zilipolegea, katika miaka ya 2000, milipuko ilirudi.

Jinsi haidrofoni inavyofanya kazi

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde. Katika maji ya bahari kasi yake ni mita 1,500 hivi kwa sekunde, na tena hupotea polepole zaidi. Mshindo mkubwa wenye mlio mzito unaweza kunaswa na haidrofoni kutoka umbali wa kilomita nyingi, hata pale ambapo mtu aliyesimama ufukweni hasikii kitu.

Kifaa kimoja kinaweza kueleza kwamba mlipuko umetokea na saa yake. Kujua mahali kunahitaji zaidi ya kimoja. Tuchukulie haidrofoni A na B zimewekwa umbali wa kilomita 30 kati yao, na saa zao zinakubaliana. Mshindo ukifika A sekunde 10 kabla ya kufika B, basi mlipuko ulikuwa karibu zaidi na A kwa kilomita 15, kwa kuwa sauti huenda kilomita 1.5 kwa sekunde. Hesabu hiyo haitoi nukta moja kwenye ramani. Inatoa mstari uliopinda ambao mlipuko umo mahali fulani juu yake. Kifaa cha tatu hutoa mstari mwingine, na penye makutano ndipo pa kupeleka boti.

Ugumu wake ni kelele. Bahari ya matumbawe haina ukimya: kuna kamba wadogo wanaogonga magando yao mfululizo, nyangumi, mawimbi na mashine za boti. Programu za kompyuta huchagua sauti zinazofanana na mshindo, kisha mtu mwenye mafunzo husikiliza na kutazama michoro yake ili kuthibitisha. Visiwa na mafungu ya mchanga nayo huziba sauti. Haidrofoni iliyowekwa upande wa ndani wa Songo Mnara haiwezi kutegemewa kusikia kila kinachotokea upande wa bahari kuu.

Kipimo cha mwaka 2015

Mwezi Machi na Aprili 2015, katika majira ya maleleji ambapo kaskazi inaisha na kusi haijashika, watafiti wa shirika la hifadhi la WCS na wenzao, wakiwemo wataalamu wa Chuo Kikuu cha St Andrews cha Uskoti, walikokota haidrofoni nyuma ya chombo katika pwani nzima ya Tanzania. Walisafiri kilomita 2,692 kwa mistari iliyopangwa na kurekodi saa 231 za sauti. Milipuko 318 ilithibitishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Marine Pollution Bulletin, Gill Braulik akiwa mwandishi wa kwanza.

Milipuko ilisikika katika pwani yote, kaskazini na kusini. Hata hivyo karibu asilimia 62 ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na mahali pengine katika eneo hilo ilikaribia milipuko 10 kwa saa moja. Kilwa Masoko iko zaidi ya kilomita 200 kusini ya Dar es Salaam, hivyo iko nje kabisa ya eneo hilo. Milipuko 120 hivi iliyobaki iligawanyika katika pwani nyingine yote, Lindi ikiwemo.

Tarakimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Chombo kilikuwa kinatembea, kwa hiyo kila eneo lilisikilizwa kwa saa chache tu. Uchache wa milipuko katika mahali fulani hauthibitishi kwamba miamba ya hapo ni salama, kwani mwamba mdogo unaotegemewa na kijiji kimoja hauhitaji mabomu mengi ili uishe. Jambo ambalo kipimo kilionyesha ni kwamba milipuko mingi ilitokea karibu na jiji kubwa, na kwamba doria chache zilizopo zingeweza kupangwa kwa kufuata ramani badala ya uvumi.

Mwaka huohuo wa 2015 serikali iliunda kikosi kazi cha taasisi mbalimbali dhidi ya uhalifu wa mazingira, kilichojulikana kwa kifupi cha MATT, kikiunganisha polisi, uvuvi na vyombo vingine. Operesheni za miaka iliyofuata zilifuatilia mtandao wa wauzaji wa baruti nchi kavu na wanunuzi wa samaki, na milipuko ilipungua sana.

Ununuzi wa vifaa

Kipimo cha 2015 kilikuwa cha watafiti. Serikali inapotaka kifaa chake yenyewe hupita njia nyingine, ndefu zaidi. Kwa sasa njia hiyo inaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2011. Taasisi huingiza hitaji lake katika mpango wa ununuzi wa mwaka, huandika vigezo vya kiufundi, na kutangaza zabuni kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA) husimamia utaratibu, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua baadaye.

Hatua yenye hatari kubwa kuliko zote ni ya vigezo. Anayeandika "mfumo wa kisasa wa kufuatilia bahari" ataletewa chochote. Meli kubwa za uvuvi zenye leseni, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao makuu Zanzibar, hufuatiliwa kwa kifaa kilichofungwa melini kinachotuma taarifa kupitia setilaiti. Ngalawa ya mpiga bomu haina kifaa hicho wala haitakifunga. Rada ya pwani nayo hutambua kwa shida chombo kidogo cha mbao kilicho kati ya mawimbi. Ni haidrofoni pekee, kati ya vyote hivyo, inayosikia tendo lenyewe. Nayo haiwezi kumtaja mtendaji.

Tanzania ina somo lake katika ununuzi wa vihisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia na waziri wa maendeleo wa Uingereza wa wakati huo, Clare Short, waliipinga kuwa ni ghali na haikulingana na mahitaji ya nchi. Mwezi Desemba 2010 mahakama ya Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 kwa kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na kampuni ikalipa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania. Fedha hizo, maarufu kama "chenji ya rada", zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Si kila ununuzi mbaya huishia kwa mtoto kupata kitabu.

Upande wa vyombo vya ulinzi na usalama, Sheria ya mwaka 2011 iliviruhusu kugawa manunuzi katika orodha mbili, ya wazi na ya siri. Boti au jenereta huweza kutangazwa. Vifaa nyeti havitangazwi. Sababu yake inaeleweka, hasa baada ya vita vya Cabo Delgado vilivyoanza Msumbiji mwezi Oktoba 2017 na kuvuka mpaka hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara, mwezi Oktoba 2020. Lakini kitu kisichotangazwa hakina mzabuni wa pili wa kulalamika kwamba bei ni kubwa.

Droni na vifaa vya kuzizuia

Droni, au "ndege nyuki", huweza kumpiga picha mtu akiokota samaki waliolipuliwa, na kwa njia hiyo hutoa ushahidi ambao haidrofoni haina. Betri yake hudumu kwa dakika chache, na upepo wa kusi huipa taabu. Kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na idhini ya wizara ya ulinzi, sharti linalowahusu pia watafiti na watu wa filamu wanaokwenda kupiga picha magofu ya Kilwa Kisiwani.

Vifaa vya kuzuia droni hutafutwa na nchi nyingi kwa ajili ya viwanja vya ndege, bandari na mitambo ya nishati. Sehemu yake ya kwanza ni ya kugundua: rada ndogo, vipokezi vinavyonasa mawasiliano kati ya droni na mrushaji, kamera, na maikrofoni zinazotambua mlio wa mapanga. Sehemu ya pili ni ya kuzuia, na mara nyingi hufanywa kwa kuvuruga mawimbi ya redio au ishara za GPS. Katika pwani kama ya Kilwa, penye mitambo ya gesi na bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko iliyowekewa jiwe la msingi mwezi Septemba 2023, uvurugaji huo una gharama isiyoandikwa katika zabuni: nahodha anayerudi usiku kwa kutegemea GPS ya simu yake hupoteza njia sawasawa na droni iliyolengwa. Kwa sababu hiyo kipokezi kinachosikiliza tu na mtambo unaovuruga ni vitu viwili tofauti kisheria. Matumizi ya masafa ya redio nchini yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).