Njia na Wimbi: Historia ya Hesabu za Migongano ya Molekuli

Mwaka 1927 Max Born na J. Robert Oppenheimer walionyesha ya kuwa viini vya atomu na elektroni zake vyaweza kuhesabiwa mbalimbali; kwani hata protoni, kiini chepesi kuliko vyote, ina uzito upatao mara 1,836 ya elektroni. Katika tofauti hiyo ndimo ulimozaliwa utaratibu ambao tangu hapo umezitumikisha kanuni mbili pamoja: ile ya Newton na ile ya kwanta.

Mwaka 1931 Henry Eyring na Michael Polanyi waliuchora uso wa nishati wa atomu ya haidrojeni inayogongana na molekuli ya haidrojeni, wenye vilima na mabonde. Mwaka 1936 Hirschfelder, Eyring na Topley walijaribu kwa mkono kuifuata njia ya atomu juu ya uso huo, hatua kwa hatua. Mwaka 1965 Karplus, Porter na Sharma walizihesabu njia nyingi kwa kompyuta. Katika kazi hizo elektroni hutandika uwanja tu, na viini hutembea juu yake.

Walakini nyuso mbili zikikaribiana, uwanja mmoja hautoshi. Landau na Zener walikuwa wamekwisha toa, mwaka 1932, kanuni ya kukadiria uwezekano wa kuvuka. Waliofuata waligawanyika. Baadhi walikiendesha kiini juu ya wastani wa nyuso, utaratibu uitwao kwa jina la Ehrenfest. Lakini mgongano ukiisha, kiini huweza kuachwa kati ya nyuso mbili, mahali ambapo maumbile hayakiweki. Mwaka 1971 Tully na Preston, wakichunguza protoni na molekuli ya haidrojeni nzito, walikiacha kiini kihame ghafula kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mwaka 1990 Tully aliweka sharti kwamba mahamio hayo yawe machache iwezekanavyo, na kasi irekebishwe ili jumla ya nishati isibadilike.

Hapa ndipo mwanalugha anapohusika. Neno «njia» lafaa kwa kiini kilichohesabiwa kwa kanuni za Newton, kwani wakati wote kina mahali na kasi. Anayeandika «njia ya elektroni» katika habari hizi ameubomoa mpaka ambao utaratibu wote umejengwa juu yake. Elektroni hapa ina wimbi tu. Kadhalika «kuruka» huchukua pia maana ya kupaa angani, ilhali kiini hakipiti hewani baina ya nyuso. Afadhali «kuchupa», na jina lake «mchupo».

Tusidhani ya kuwa hayo ni mapambo. Mpaka kati ya njia na wimbi haukukutwa katika maumbile. Uliwekwa na watu ili hesabu iwezekane, na makosa ya utaratibu huu aghalabu huzuka papo hapo mpakani. Istilahi inayouficha mpaka huo humnyima mwanafunzi mahali pa kuuliza swali.