Boma na Ngoma: Fedha za Urithi katika Ngara na Biharamulo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuchagua mwaka 1863 kuwa mpaka wa ukale. Jengo lililosimama kabla ya mwaka huo hulindwa kwa nguvu ya sheria yenyewe. Lililojengwa baadaye hungoja tamko la Waziri. Mpaka huu wafaa sana Kilwa na pwani yote ya mawe. Katika Ngara na Biharamulo haugusi karibu kitu, maana wenyeji wa huko walijenga kwa miti na nyasi, na nyumba ya nyasi haina umri wa kuhesabiwa: huezekwa upya kila baada ya misimu michache, na kinachodumu si nyasi bali kazi ya kuezeka. Urithi wa namna hii wahitaji fedha ndogo ya kila mwaka kuliko fungu kubwa la mara moja.

Katika Bugufi, Bushubi na Rusubi kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mtawala alikuwa na watu wake wa ngoma, wala ngoma haikuwa chombo cha kuchezea tu: katika Kirundi, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kihangaza, neno *ingoma* ni ngoma, na pia ni ufalme. Waingereza hawakuondoa mpango huo, bali waliutia katika hesabu. Kwa Sheria ya Utawala wa Wenyeji ya 1926 chifu akawa mtu wa mshahara, naye akalipwa kutoka hazina ya wenyeji, iliyojazwa kwa kodi. Hivyo mlinzi wa ngoma, kwa njia ya kuzunguka, akapata riziki yake katika fedha ya umma.

Mwaka 1963 uchifu ukafutwa. Siutetei, taifa changa lililotaka umoja lilikuwa na sababu zake. Lakini mshahara ulikoma, na hapana ofisi iliyoirithi kazi. Desemba 1962 Rais Nyerere alikuwa amekwisha unda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ila wizara ilikuwa Dar es Salaam, na paa la nyasi lilikuwa Ngara.

Sasa litazamwe boma la Biharamulo, lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Nalo halikuufikia mwaka 1863, lakini lingali limesimama. Halikuokolewa na mapenzi ya historia. Liliokolewa na matumizi. Watawala waliofuata walifanya kazi humo, baadaye vyumba vyake vikapokea wageni wa kulala, na kila aliyechukia kuvujiwa aliziba paa. Bajeti ya matengenezo ya ofisi ikafanya kazi ya makumbusho pasipo kukusudia, ikamhifadhia mshindi nyumba yake, na mshindwa ikamwacha.

Husemwa kwamba nyakati zilikuwa ngumu. Ni kweli: vita vya 1978 na 1979 vilipiganwa katika mkoa huu huu, mwaka 1986 Serikali ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Wiki ile mwenye akili asingeomba fedha za ngoma. Lakini wiki ile ilipita, na udhuru wake ukabaki.

Wengine huitegemea Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, wakisema mtalii atalipa. Mtalii hulipia kukiona kilichopo. Hamlipi mtu aliyekitunza miaka 20 kabla yeye hajafika. Mimi naona njia iko katika sheria tuliyo nayo. Tangu 2018 halmashauri zatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Basi halmashauri yaweza kufungwa na sheria hata katika mwaka wa kahawa mbaya. Siombi asilimia 10. Sehemu moja katika mia mbili ingemlipa mwezekaji, ikanunua ngozi ya ng'ombe, ikampa posho kijana ajifunzaye mapigo kwa mzee.

Ugumu uliobaki ni wa umiliki. Ngoma iliyo mikononi mwa ukoo si mali ya halmashauri, na mkaguzi wa hesabu hataridhia fedha ya umma iezeke nyumba ya mtu. Yapasa mapatano yaandikwe kwanza, ukoo kwa ukoo, wakati wazee wajuao ngoma ipi ni ya nani wangali hai.