Likelemba, AVEC na MUSO: namna tabia ya kuweka feza kidogo kidogo inavyomuinua mtu

Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, watu wengi wanaishi kwa kazi ya kila siku: kuuza ndagala na sambaza, kuchoma mikate, kuendesha moto, kusukuma chukudu, kulima shamba la mwingine. Feza inaingia asubuhi na mangaribi imekwisha. Mtu akisikia habari za mafanikio, anaona ni mambo ya wale wenye mshahara. Lakini kwenye avenue hiyo hiyo kuko mama muuza ndizi ambaye amelipa masomo ya watoto na kununua kipande cha kiwanja, na jirani yake mwenye mapato sawa hana kitu. Mara nyingi tofauti si bahati wala nguvu. Ni tabia, na tabia hiyo watu huishika vizuri zaidi wakiwa katika kikundi.

Kwa nini watu waliogopa kuweka feza

Wazee wa Kongo wana sababu ya kutosadiki. Mwaka 1979 serikali ya Zaire ilifuta noti za zaire 5 na 10 kwa gafla, na wengi waliokuwa wameficha feza nyumbani walibaki na karatasi. Mwaka 1991 mchezo wa feza wa Bindo, ulioahidi kuzidisha feza ya watu kwa muda mfupi, ulianguka Kinshasa na feza ya wengi ikapotea. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Franka ya Kongo ilirudi mwaka 1998 kuchukua nafasi ya zaire mpya.

Historia hiyo iliacha fikra moja vichwani: feza ukiipata, uikule leo, kesho haijulikane. Fikra hiyo haikutoka kwa uvivu, ilitoka kwa kuumizwa. Lakini inamfunga mtu, kwani hakuna kapitali inayozaliwa pale kila kitu kinaisha leo.

Likelemba: zamu kwa zamu

Likelemba ndiyo njia ya zamani na nyepesi zaidi. Watu 10 wanaojuana wanatoa kila mmoja franka 5,000 kwa juma. Kila juma mmoja anapokea 50,000. Baada ya majuma 10 kila mtu amepata zamu yake.

Anayepokea wa kwanza ni kama amekopa bila faida. Anayepokea wa mwisho ni kama ameweka akiba. Kwa hiyo likelemba inasimama juu ya kitu kimoja tu: yule aliyepokea mbele aendelee kutoa mpaka mwisho. Ndiyo maana vikundi vyenye akili haviweki mtu mgeni kwenye zamu za kwanza.

AVEC: kese yenye kufuli tatu

AVEC, yaani shirika la kijiji la kuweka na kukopa, ilianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, pamoja na shirika CARE. Leo inajulikana katika vijiji na mitaa mingi ya mashariki mwa Kongo.

Kikundi kinakuwa na watu kati ya 15 na 25 hivi. Wanachagua komite na kuandika kanuni zao. Kila mkutano memba ananunua sehemu kati ya 1 na 5. Feza inawekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na anayelaza sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Kuko pia feza ndogo ya kusaidiana, kwa ajili ya kilio, ugonjwa ao kuzaa.

Memba anaweza kukopa, kwa kawaida mpaka mara tatu ya kile alichoweka. Aliye na 40,000 anaweza kuchukua 120,000, na kurudisha na faida kidogo iliyopatanwa. Kisha miezi 9 mpaka 12 wanagawana yote.

Mfano: sehemu moja ni franka 1,000. Mama mmoja ananunua sehemu 3 kila juma. Kisha majuma 52 ana sehemu 156, sawa na franka 156,000. Kama kikundi chote kina sehemu 2,500 na faida ya mikopo ni franka 500,000, kila sehemu inakuwa 1,200. Mama huyo anapokea 187,200. Hiyo inaweza kuwa mzigo wa kwanza wa biashara, ao minervali ya mtoto.

MUSO: rangi tatu

MUSO, mitieli ya kusaidiana, inafanana na AVEC lakini haigawane yote kila mwaka. Feza inatengwa katika kese tatu: ya kijani ni ya akiba na mikopo, nyekundu ni ya shida za gafla, na ya buluu ni ya feza inayotoka inje, kama mkopo wa shirika fulani. Kutenga hivyo kunakataza kilio kimoja kumeza kapitali ya wote.

Tabia zinazodumu

Ya kwanza ni kutoa akiba mbele ya matumizi. Anayengoja kuweka kile kitakachobaki hawezi kubakiza kitu. Mkutano wa juma unamlazimisha kuchagua mapema.

Ya pili ni kutenganisha feza ya jiko na feza ya biashara. Muuza makala anayenunua bugali kwa kapitali yake, mwisho wa mwezi anakula gunia lenyewe.

Ya tatu ni kukopa kwa kitu kinachozunguka: mzigo, mbegu, mbuzi. Mkopo wa kununua kitenge cha sikukuu hauzai feza ya kuulipa.

Ya ine ni kuandika. Kaye inaonyesha feza ilipita wapi, hata kwa mtu asiyesoma sana, akisaidiwa na mtoto wake.

Ya tano ni ngumu zaidi: kukataa bila kuvunja undugu. Mjomba akiomba feza, jibu ni rahisi kidogo: “Feza iko mu kese, ngoya mukutano.” Kikundi kinabeba uzito wa kukataa, na mtu anabaki na ndugu zake.

Nyumbani pia ukweli unatakiwa. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ilirekebisha Kanuni ya jamaa ya 1987, na kufuta lazima ya mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana yake kwa matendo ya sheria. Sasa bibi na bwana wanatakiwa kupatana juu ya matendo yanayowafunga wote. Deni lililofichwa linaweza kuvunja nyumba.

Pale vita inafika

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 benki za Goma zilifunga milango, na mwezi wa pili zile za Bukavu. Wenye konti walibaki na feza wasiyoweza kuigusa. Lakini sanduku nalo lina hatari zake: wizi, moto, na memba anayekimbia na deni.

Kuko mambo yanayopunguza hatari. Feza ikopeshwe haraka, sanduku lilale karibu tupu. Majuma ya mwisho ndiyo mabaya zaidi, kwani madeni yote yanarudi. Kwa hiyo kugawana kufanywe siku ile ile ya malipo ya mwisho, na tarehe isitangazwe sokoni. Pale hali ni mbaya, duru ya miezi 4 ao 6 inafaa kuliko mwaka. Sehemu na deni vihesabiwe kwa feza moja, franka ao dola, ili pasiwe na ugomvi. Na kila memba ashike nakala ya hesabu yake: kikundi kikitawanyika, karatasi hiyo ndiyo ushahidi.

Anayeahidi kuzidisha feza mara mbili kwa mwezi mmoja, bila kuonyesha biashara, anarudisha watu kwa mambo ya 1991. AVEC haiahidi hivyo. Inampa mtu kile alichoweka, faida kidogo, na jina zuri mbele ya watu 25. Hata baada ya kukimbia na kupoteza mzigo, yule anayejulikana kuwa analipa ndiye wa kwanza kupokelewa katika kikundi kipya.