Kichanga Huumia: Historia ya Sindano Isiyochoma

Rwanda na China zilianzisha uhusiano wa kidiplomasia Novemba 1971. Mwaka 1982 ikaja timu ya kwanza ya madaktari kutoka Mongolia ya Ndani, China, na wenzao waliowafuata wakafanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Kibungo, ambako wagonjwa walitibiwa pia kwa akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba. Kutoka Gisenyi, wilayani Rubavu, Kibungo ni upande wa pili wa nchi. Lakini swali linalotokana na tiba hiyo linamhusu kila mama anayejifungulia Rubavu: je, kichanga anafaa kuchomwa sindano hizo?

Wachina wa kale walikuwa waangalifu. Zhenjiu Dacheng, kitabu kikuu cha akupancha cha mwaka 1601, kina sehemu nzima ya kuwakanda watoto kwa vidole. Huko Osaka, Wajapani wakakuza shonishin: ngozi ya mtoto husuguliwa na kugongwa taratibu kwa vifaa visivyotoboa.

Ulaya na Marekani zilichelewa kuona kwamba kichanga huumia. Hadi miaka ya 1980, vichanga wengi walipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya ganzi, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987, Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu walistahimili upasuaji vizuri zaidi.

Ndipo hospitali zikatafuta njia za upole. Mwaka 2015, madaktari wa Graz, Austria, walichapisha utafiti wa vichanga 28 waliozaliwa na mama waliokuwa wakitumia dawa za jamii ya afyuni. Waliotibiwa pia kwa akupancha ya mwanga wa leza, bila kuchomwa, waliacha mofini, dawa waliyopewa kutuliza dalili zao, mapema zaidi. Ni matokeo ya kutia moyo, ila watoto 28 ni wachache mno kuthibitisha tiba.

Rwanda ina njia iliyothibitishwa. Mwaka 2007 hospitali ya Muhima, Kigali, ilianza malezi ya kangaroo, njiti akilazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Vifo vya vichanga nchini vilishuka kutoka 37 kwa kila watoto 1,000 mwaka 2005 hadi 19 mwaka 2020, kwa juhudi nyingi pamoja na hiyo. Kifua hichohicho, na ziwa, hupunguza maumivu ya sindano.

Kichanga asiyenyonya, mwenye homa au aliyegeuka manjano apelekwe hospitali mara moja. Na muuguzi anapomtoa damu kisiginoni, mama aombe kumnyonyesha wakati huohuo. Ni haki ya mtoto, na haina gharama.