Nani Alichora Karafuu?

Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya mama, Kinole, na mpwa wangu alikuwa amechutama pembeni anazichora. Alikuwa na penseli na daftari, simu ameiweka mfukoni. Alizichora moja moja, kile kichwa cha mviringo na vile vijimeno vinne vinavyokishika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Shule inasemaje?"

Badala ya kunijibu akauliza swali lake. "Mjomba, kwenye nembo ya taifa kuna karafuu, miguuni pa mmoja wa wale watu wawili. Mwingine ana pamba. Nani alizichora?"

Mimi ni mwandishi wa habari, nimekula chumvi ya magazeti zaidi ya miaka kumi, na sikuwa na jibu la haraka. Nikasema nitaangalia. Makala hii ni matokeo ya kuangalia huko.

Kwanza nikueleze tulipo. Kinole iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Kutoka Morogoro mjini unapita Bigwa, unapita Mkuyuni, ndipo unafika. Ni nchi ya ndizi, machungwa, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Mikungu inayopakiwa huku mingi huishia Dar es Salaam, kule Mabibo watu wanakoita Mahakama ya Ndizi. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba kabla hajawa mzigo wa mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana ada ya kijana huyu nimeilipa mimi pale mkopo ulipopungua, na ndiyo maana maswali yake yananihusu.

Anasoma usanifu wa michoro, wao wanaita grafiki, katika chuo kimoja Dar. Yuko mwaka wa mwisho. Mwaka huo una mambo matatu: fildi, mradi wa kuhitimu, na potifolio, yaani mkoba wa kazi zako bora unaokwenda nao kuomba ajira. Mradi wake ni lebo na vifungashio vya viungo vya kikundi cha akina mama wa hapa kijijini, bibi yake akiwemo. Fildi alishaimaliza, na huko ndiko alikopata jeraha.

Alipelekwa kwenye duka moja la uchapaji mjini. Wiki ya tatu akapewa kazi ya kubuni lebo ya bidhaa ya mteja. Akakesha nayo siku nne. Miezi miwili baadaye akaikuta dukani, rangi ileile, herufi zilezile alizozichonga mwenyewe. Akaenda kuomba aruhusiwe angalau kuiweka kwenye potifolio yake. Akajibiwa kwamba kazi ni ya ofisi, yeye alikuwa mwanafunzi tu, na akiionyesha popote watajuana mbele. Pesa hakuidai wala hakuitegemea. Kilichomuuma ni kwamba kazi yake bora kuliko zote hana ruhusa ya kusema ni yake.

Nilipoanza kupekua historia nikagundua kwamba kisa hiki si kipya hata kidogo. Kazi ya kuchora kwa ajili ya biashara na serikali katika nchi zetu imekuwa hivi tangu mwanzo. Mchoro unaonekana, mchoraji haonekani.

Anza na kanga, maana hakuna mchoro uliosambaa pwani na bara kama huo. Pindo, mji, na jina lake, kila kitu kimepimwa na mtu aliyejua macho yanaanzia wapi na kuishia wapi. Kanga maarufu kuliko zote za Mombasa zina alama ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, na alama hiyo imeandikwa "Mali ya Abdulla". Mama zetu wameisoma alama hiyo maisha yao yote. Ni jina la mfanyabiashara. Mkono uliochora lile pindo haukuachiwa hata herufi moja. Hata Morogoro mjini kumekuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, na kanga zake zimefungwa viunoni mpaka huku Kinole. Jina la kiwanda tunalijua. Waliokaa na karatasi kupanga maua hatuwajui.

Kwa upande wa shule, elimu rasmi ya sanaa ya kuchora Afrika Mashariki ilichipuka Makerere, pale Margaret Trowell alipoanza kufundisha miaka ya 1930. Mmoja wa Watanganyika waliopita hapo ni Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro. Aliendelea Slade, London, na mwaka 1960 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Sasa angalia alikoishia. Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru, na Ntiro akawa Balozi wetu London. Ni heshima kubwa, lakini inakwambia kitu. Kwa kizazi chake, aliyesomea kuchora alikuwa na milango miwili hasa, kufundisha au kuitumikia serikali. Watu wa kumwajiri ili achore tu walikuwa wachache mno.

Serikali yenyewe, hata hivyo, ilihitaji michoro mingi sana. Hiki ndicho kipindi ninachokipenda zaidi. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipopamba moto, vitabu vya kisomo vilifundisha kusoma kupitia kilimo cha pamba, migomba na uvuvi. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Mamilioni ya watu wazima walikaa kwenye madarasa na vikundi vya redio, na mbele yao kulikuwa na picha: choo kinavyochimbwa, maji yanavyochemshwa, mbu anavyozaliana kwenye kopo. Fikiria ugumu wa kazi ile. Unamchorea mtu ambaye bado hajui kusoma, kwa wino wa rangi moja au mbili, na akikosea kuuelewa mchoro wako mtoto wake anaharisha. Huo ni usanifu wa michoro wa daraja la juu kabisa. Mama anaikumbuka picha ya choo mpaka leo. Nilipomuuliza nani aliichora, akanitazama kama nimemuuliza nani aliutengeneza mwezi. "Serikali," akasema.

Magazeti nayo yalikuwa na wachoraji wake. Katika Uhuru, Christian Gregory alimchora Chakubanga, mtu wa mtaani mwenye visa, na jarida la Sani likatupa Kipepe na Ndumilakuwili kwa mkono wa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa kijana bado. Hawa tunawajua. Tunawajua kwa sababu katuni husainiwa kwenye kona. Tingatinga ni vivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuchora, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Picha ya kutundika ukutani huuzwa pamoja na jina la mchoraji. Lebo, bango na jalada huuzwa na jina la mwenye mali. Tofauti yenyewe ni hiyo, na mkono uliochora unaweza kuwa uleule.

Halafu kuna habari ya mashine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Kwa hiyo wakati wenzetu duniani walipoanza kupanga kurasa kwenye skrini miaka ya 1980, kwetu mchoraji aliendelea na rula, wembe, gundi na herufi za kubandika. Matangazo ya biashara yalikuwa machache, kwa sababu bidhaa zenyewe zilikuwa za kupanga foleni. Nani atangaze sabuni ambayo haipo?

Miaka ya 1990 mambo yakafunguka yote kwa mpigo. Vyama vingi mwaka 1992, magazeti binafsi, televisheni ya ITV mwaka 1994, kampuni za simu, bia zenye wenyewe wapya. Ghafla kila mtu akataka nembo, kalenda, bango, flana. Kariakoo ikajaa vyumba vya mita tatu kwa tatu, kompyuta moja, CorelDRAW ya kunakili, na kijana aliyejifunza kwa kumwangalia mwenzake. Hao ndio walioijenga sekta ambayo mpwa wangu anabisha hodi kwake leo. Hawakuwa na cheti wala mkataba. Mteja alisimama mgongoni akisema "ongeza ukubwa, weka na picha yangu," akalipa, akaondoka na faili. Tabia ya kwamba aliyelipa ndiye mwenye kila kitu, hata historia ya kazi yenyewe, ilikomaa hapo.

Wengine walitafuta mlango nje. Godfrey Mwampembwa, tunayemjua kama Gado, alikuwa anasoma usanifu wa majengo pale Ardhi. Mwaka 1992 akaacha masomo akaenda Nairobi kuchora kwenye magazeti ya Nation. Alipata jina kubwa Afrika nzima. Lakini ni habari ya mtu ambaye hakufika mwaka wa mwisho, na hodi yake iliitikiwa nchi jirani.

Sasa nirudi kwenye swali la karafuu. Mwaka 2017 jina la Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu Ngosha, lilijaa kwenye vyombo vya habari. Alikuwa mzee anayeishi Buguruni, mgonjwa na maskini, na alikuwa akisema kwamba nembo ya taifa aliichora yeye. Habari ilipovuma alipelekwa hospitali, Amana na kisha Muhimbili. Mwisho wa Mei mwaka uleule akafariki. Wako waliomwamini moja kwa moja, na wako waliotaja majina mengine. Mabishano yakaendelea baada ya mazishi.

Mimi sitaki kuwa hakimu wa kesi hiyo. Ninachokiona ni kwamba inawezekanaje tukabishana. Mchoro uko kwenye noti, kwenye pasipoti, kwenye cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Tunajua maana ya kila kitu ndani yake, mwenge, shoka, jembe, mawimbi, pembe za ndovu, karafuu na pamba. Mwalimu wa darasa la tatu anakufundisha. Jina la aliyeshika kalamu tukalikumbuka mzee akiwa kitandani.

Na hii inakera zaidi ukiwa Kinole, maana hapa majina hayaachwi yapotee. Hapa ndiko kwa Kingalu, mkuu wa jadi ambaye wazee walimjua kwa mvua. Kingalu mmoja akiondoka, mwingine wa ukoo uleule anaketi na kulivaa jina lilelile, na hesabu yao imeshapita kumi. Kwetu mtu akifa jina lake hutafutiwa wa kulibeba. Kijana aliyekulia kwenye desturi hiyo ukimwambia kazi yake haina mwenyewe, umemwambia jambo ambalo hata bibi yake hawezi kulitafsiri.

Sheria ipo, nisikudanganye. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamtambua mtunzi wa kazi ya sanaa na haki yake ya kutajwa. Lakini mwanafunzi wa fildi mwenye barua ya chuo na nauli ya daladala hataifikisha sheria hiyo kwenye meza ya bosi. Kinachomlinda ni karatasi iliyosainiwa kabla ya kazi, mistari miwili tu: nani kachora, na kama ataruhusiwa kuionyesha. Vyuo vingeweza kuiambatanisha na barua ya fildi. Haigharimu kitu.

Kabla ya kunyoosha kidole, nijinyooshee mwenyewe. Kila makala niliyoandika gazetini ilikuwa na jina langu juu, kwa herufi nzito. Ukurasa wenyewe, ile mpangilio iliyokufanya usimame na kusoma, ulifanywa na mtu aliyebaki ofisini saa nne za usiku nikiwa nimeshakwenda kula chipsi. Zaidi ya miaka kumi sikuwahi kuuliza kwa nini jina lake halipo. Niliona ni kawaida tu. Bosi wa lile duka la uchapaji na mimi tumetofautiana kidogo kuliko ninavyopenda.

Jioni ile mpwa wangu alinionyesha lebo ya mradi wake kwenye laptop. Karafuu tatu, jina la kikundi, jina la Kinole. Chini kabisa, kwa herufi ndogo mno, aliandika "Mchoro:" halafu akaacha wazi. Aliogopa mwalimu atamwambia lebo haisainiwi kama katuni. Nikamwambia ajaze. Bibi yake akaja na miwani yake ya kusomea, akasogeza uso kwenye skrini.

"Haya maandishi ya sisimizi ni nini?"

"Ni pa kuandika jina langu, bibi."

"Sasa mbona umelificha? Karafuu ni zangu, mchoro ni wako. Likuze."

Akalikuza kidogo. Mradi ameshauwasilisha na lebo imechapwa, pakiti za kwanza zimeshuka Morogoro. Kazi bado hajapata. Anazunguka na potifolio yake kama wenzake wote. Lakini mtu akiuliza miaka hamsini ijayo nani alichora karafuu za Kinole, hatahitaji kusubiri mzee augue.