Azimio la Musoma na Njia ya Msichana kwenda Chuo Kikuu

Mwezi wa Novemba, 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, na katika kikao hicho yakakatwa mashauri mawili makubwa juu ya elimu. La kwanza ndilo linalokumbukwa na wengi: kila mtoto apate nafasi katika shule ya msingi ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja hata 1989 kama ilivyokusudiwa hapo awali. La pili liliwahusu vijana wachache sana. Mwanafunzi amalizapo kidato cha sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu. Atumike kwanza katika Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na ndipo aombe nafasi, akiwa na ushuhuda wa mwajiri wake na wa tawi la chama juu ya bidii na mwenendo wake. Shauri hili liliwekwa kwa wote sawasawa, wavulana kwa wasichana, na katika usawa huo ndimo ilimokuwa kasoro yake.

Yafaa kwanza kuitendea haki nia ya waliolitunga. Chuo kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi 14 wa sheria, na mmoja tu kati yao, Julie Manning, alikuwa mwanamke. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwatia wasomi katika Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwezi wa Machi uliofuata likatoka andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alilalamika kwamba shule inamwondoa mtoto katika kazi ya wazazi wake, inamfanya adhani kuwa hekima yote imo vitabuni, na inawatenga wachache wanaofaulu na umma unaowalipia. Hayo yalikuwa kweli, na Musoma ilikuwa jibu la lawama hiyo ya zamani: msomi na aijue kazi kabla hajapewa shahada.

Neno lenyewe, kujitegemea, lastahili kutazamwa. Kutegemea ni kuutua uzito wako juu ya kitu kingine, kama mzee ategemeavyo mkongojo. Kujitegemea ni kuuacha mkongojo. Mvulana alitazamiwa kufanya hivyo tangu zamani, hata pasipo andiko lolote. Msichana, aliyefundwa kutoka katika ulezi wa baba na kuingia katika ulezi wa mume, alipewa katika neno hilo ahadi mpya kabisa.

Lakini ahadi hiyo ilipofika shuleni ilikuja na jembe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kutofautiana. Mvulana aliyetoka katika nyumba ambamo kupalilia, kuteka maji na kuchanja kuni ni kazi ya dada zake, aliweza kujifunza jambo katika shamba la shule. Msichana wa kijijini alilijua jembe kabla hajaijua kalamu. Kwake yeye, shule ya bweni ilikuwa mahali pa pekee alipopata kukaa saa tatu usiku na kitabu bila ya kuitwa jikoni. Mpango ulimwona mbele yake mwanafunzi mwenye mikono laini, ambaye ajifunze jasho. Wasichana wengi hawakuwa na mikono hiyo. Haisemwi kwamba kazi za shule hazikuwafaa. Weruweru, huko Kilimanjaro, chini ya uongozi mrefu wa Maria Kamm, ilipata sifa kwa kazi za kujitegemea na kwa masomo pia. Ila jembe peke yake halikumwonyesha msichana jambo asilolijua.

Ilivyokuwa michepuo ya shule za sekondari katika miaka ya 1970 yathibitisha hayo. Kulikuwa na kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Huu wa mwisho, yaani mapishi, ushonaji, lishe na malezi, ulikuwa wa wasichana. Elimu ya lishe si ya kudharauliwa, na wako waliopata kwayo kazi ya ualimu. Hata hivyo mchepuo huo ulimrudisha mwanafunzi mlangoni pa nyumba alikotoka. Biashara ndiyo iliyomfikisha ofisini, na humo mara nyingi alikutana na kupiga chapa na hatimkato, yaani kuandika maneno ya mtu mwingine.

Basi fikiri msichana amalizaye kidato cha sita mwaka 1975. Ametoka jeshini, ameingia katika ofisi ya serikali au shirika la umma, na ana miaka miwili ya kungoja. Ushuhuda wa kumpeleka Chuo Kikuu utaandikwa na mkubwa wake wa kazi, na mkubwa huyo kwa kawaida ni mwanamume. Kijana wa kike ambaye kesho yake imo katika kalamu ya mtu mmoja hana nguvu ya kukataa kila asichokitaka. Mvulana naye aliuhitaji ushuhuda uleule, lakini hakudaiwa malipo ya namna hiyo.

Tena kulikuwa na ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mvulana kuoa akiwa na 18; kwa hiyo machoni pa jamaa, binti wa kidato cha sita alikuwa amechelewa tayari. Madamu alikuwa bwenini, masomo yalikuwa udhuru wake, na udhuru huo uliheshimiwa. Alipotoka na kuanza kupokea mshahara, udhuru ulikwisha. Mvulana mwenye mshahara mdogo huahirisha kuoa mpaka atimize mahari. Msichana mwenye mshahara huposwa upesi zaidi. Miaka miwili ikimalizika, mmoja yu tayari kufunga mizigo, na mwingine ana mtoto mgongoni na mume wa kumwomba ruhusa.

Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ikaanguka mara moja. Na katika mwaka huohuo wa 1975 Julie Manning na Tabitha Siwale waliingia katika Baraza la Mawaziri, wanawake wa kwanza nchini kushika wizara kamili. Yaani serikali ilikuwa ikiwatafuta wanawake wasomi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikiwafungia njia, pasipo kukusudia.

Mwaka 1976 wasichana waliondolewa sharti la miaka miwili, wakaruhusiwa kwenda Chuo Kikuu mara wamalizapo utumishi wa jeshi. Idadi yao ikapanda tena upesi. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima, na kuucheza kwa siku nyingi kungaliharibu kizazi kizima. Lakini kilichobadilishwa ni orodha ya watakaokwenda kazini. Kazi yenyewe haikuguswa. Mkubwa wa ofisi alibaki na kalamu yake. Msichana alisamehewa kama asamehewavyo mgonjwa kufunga, ilhali mgonjwa hakuwa yeye. Tena akakosa kile kilichokuwa chema katika azimio: aliingia darasani bila kupata kuupokea mshahara wala kuona jinsi shirika linavyoendeshwa, akakaa pamoja na wanaume waliokwisha kuyaona hayo kwa miaka miwili na zaidi.

Katika miaka ya 1980 sharti hilo liliondolewa hata kwa wanaume. Upungufu wa wanawake katika sayansi na uhandisi, ambao Kitivo chake kilifunguliwa mwaka 1973, ulibaki palepale. Katika mwaka wa masomo wa 1996/97 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mpango wa kuwaita wasichana wa kidato cha sita waliokaribia alama za kuingilia katika masomo ya sayansi lakini hawakuzifikia, kikawafundisha kwa majuma machache, kikawapa mtihani, na waliofaulu wakapewa nafasi. Safari hii hawakuombwa ushuhuda wa mwajiri.